Kaseti za Kwetu

Khadidja Chabani alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne mji wa Bujumbura ulipoacha kufanya harusi. Si kwamba watu waliacha kuoana. Waliendelea kuoana, lakini kimyakimya, asubuhi, mbele ya mashahidi wachache, kisha kila mtu akakimbilia kwake kabla amri ya kutotembea haijamkuta njiani. Hakuna aliyekodi viti, hakuna aliyekodi wapiga dufu, na hakuna aliyemkodi Khadidja.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kutafutwa. Mumewe, Twahiru, alikuwa na kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani inayomeza kaseti nzima, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepiga picha za harusi za Buyenzi. Tatizo lake Twahiru ni kwamba alikuwa mwanamume. Katika harusi za Waislamu wa mtaa ule, nusu ya sherehe iko ndani kwa wanawake, mahali ambapo mwanamume hatii hata pua. Mabibi harusi wakawa wananung'unika: kaseti zimejaa mashehe na sinia za pilau, wao wenyewe hawamo. Khadidja, ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia mumewe taa, aliyasikia manung'uniko hayo jikoni, akaichukua kamera, akajifunza kwa wiki mbili akimpiga picha binti yao Assia uani. Toka hapo wanawake wa Buyenzi hawakumtaka mwingine.

Twahiru alikufa kwa ugonjwa wa ini mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Alimwachia mkewe kamera, deki mbili, televisheni moja kubwa na sanduku la bati lililojaa kaseti za watu ambao hawakurudi kuchukua nakala zao. Oktoba ya mwaka huohuo rais aliuawa, na nchi ikawaka.

Mji ulikatwa vipande. Nyakabiga ikabaki ya Watutsi, Kinama ikabaki ya Wahutu, na aliyejikuta upande usio wake alikimbia na godoro kichwani, kama alibahatika kukimbia. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulibaki katikati. Watu wa kila aina waliendelea kupita humo, kwa kuwa mafundi wake wa magari na wauza nguo wake hawakuwa na desturi ya kumwuliza mteja ametoka wapi.

Khadidja aliiweka televisheni chini ya bati uani, akapanga mabenchi, akafungua banda la video. Alionyesha filamu za karate na za Kihindi. Tatizo ni kwamba mabanda mengine manne kwenye barabara hiyohiyo yalionyesha karate na Kihindi vilevile, tena kwa spika kubwa zaidi. Siku nyingine alikuwa na watazamaji sita, wanne kati yao wamelala, kwa sababu huko kwao usiku haulaliki.

Siku moja ya kiangazi cha mwaka wa tisini na nne, mchana, deki ilianza kutafuna kanda. Khadidja aliifungua, akaisafisha kwa pamba na spiriti, kisha akachomoa kaseti yoyote kwenye sanduku ili aijaribu. Ikawa harusi ya Kinama ya mwaka wa tisini na moja. Bwana harusi anashuka kwenye gari, wanawake wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia mbele ya kamera.

Kwenye benchi la nyuma alikaa mtu mmoja aitwaye Aloys, karani wa ofisi moja ya serikali, Mtutsi aliyekuwa akiishi Kinama hadi siku alipokimbia. Sasa alikaa Nyakabiga kwa shemeji zake, watu kumi na moja vyumba viwili, na alikuja bandani ili tu apate mahali pa kukaa bila kusemeshwa. Alisimama. Akatembea hadi kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Najaribu mashini tu, muzee. Filamu inakuja."

"Apana, we rudisha. Tafadhali."

Akarudisha. Aloys hakumtazama bibi harusi wala bwana harusi. Nyuma yao kulikuwa na ukuta wa matofali, mlango wa kijani, na mwanamke mzee akipita na beseni kichwani. Alipita kwa sekunde nne, akageuza uso kuitazama kamera, akatoka.

"Ni mama yangu huyo," Aloys akasema. "Na huo mulango ni wangu. Mama hatukumuzika, mama Assia. Tulikimbia, yeye akabaki mule ndani."

Aliomba irudishwe tena, na tena. Wale waliolala waliamka, na hakuna aliyeulizia filamu ya karate. Kesho yake Aloys alikuja na watu tisa, wote waliokimbia kutoka Kinama, na wote walitaka harusi ya watu wasiowajua.

Khadidja hakuwa mtu wa kulala na jambo. Jioni ile alimwaga sanduku lote la bati sakafuni, akazipanga kaseti upya, safari hii akiacha majina ya maarusi na kuandika majina ya mitaa. Nyakabiga. Kinama. Gihosha. Ndani ya miezi miwili banda lake likawa halina mahali pa kuweka mguu. Jumamosi walikuja Watutsi waliotolewa Kinama, na majirani zao wapya wa Nyakabiga. Jumanne walikuja wengine, Wahutu waliotolewa Nyakabiga, wakapita njia za nyuma wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuwachanganya. Hilo alilijua bila kuambiwa.

Akawa na desturi moja ambayo mabanda mengine hayakuwa nayo. Watu wakitoka, alisimama mlangoni na daftari la shule, akamwuliza kila mmoja, "Ulitaka kuona nini ambacho hukukiona?" Majibu yalimshangaza. Alidhani watasema wanataka kaseti nzuri zaidi, zisizo na mikwaruzo. Mwanamke mmoja alisema anataka kujua kama mparachichi wake umekatwa. Mwingine alitaka kisima. Mzee mmoja alisema anataka kusikia tu jinsi lango la kanisa linavyolia likifunguliwa. Na karibu wote walimaliza kwa maneno yaleyale: hizi ni za zamani, mama Assia, huko kukoje sasa?

Huko kukoje sasa. Redio haikulijibu swali hilo. Redio ilisema hali ni shwari, au ilitaja idadi ya maiti. Magazeti yalitukanana. Hakuna aliyewaambia watu kama bati lao bado liko juu ya nyumba.

Basi akaanza kwenda mwenyewe. Aliifunga kamera ndani ya vitenge, akaviweka kwenye kikapu kikubwa kama mchuuzi wa nguo, akajitanda vizuri, akatembea. Kwa vijana wa Nyakabiga waliosimama na marungu kwenye kona, alikuwa Muswahili tu. Kwa vijana wa Kinama waliosimama na mapanga kwenye daraja, alikuwa Muswahili tu. Mara mbili walikigusa kikapu. Mara moja askari aliinua kitenge cha juu, akauliza bei, akakichukua bila kulipa, akamwambia pita.

Alijifunza upesi watu wanataka nini. Kuishika kamera bila kuitikisa mbele ya mlango uliofungwa, dakika nzima, kuliwaliza watu kuliko hotuba yoyote. Maneno marefu waliyachoka. Walitaka mikono ikimenya viazi, miguu ikipita, sauti ya jirani akiita kuku. Walitaka mtu ataje jina lake na jina la anayemsalimia, basi. Waliotaka kupeleka salamu kwa ndugu zao wa upande wa pili aliwaandikia kanuni tatu, akawasomea kabla ya kubonyeza: sema jina lako, sema unayemtaka, usiseme ya siasa. Na kanuni ya nne ilikuwa yake mwenyewe, hakumsomea mtu: yeyote aliyejificha apigwe picha mbele ya shuka, ili nyuma yake pasionekane kitu.

Mwenye baa mmoja wa Kinama, aliyekuwa na televisheni na jenereta, alianza kupokea nakala. Kule watu wa Nyakabiga waliokimbia walizitazama nyumba zao zikikaliwa na wengine, wakatazama hadi mwisho. Kaseti zilitoka Buyenzi zikaenda, zikarudi na salamu, zikaenda tena. Watu walimpigia hodi Khadidja wakati wa kuswali, wakati wa kupika. Walimwita "mama wa kaseti za kwetu", naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha. Toka Twahiru afe, hakuna siku aliyoamka akijua hivyo kwamba anahitajika.

Lakini watazamaji ni watazamaji. Wakishazoea kitu wanataka zaidi ya hicho. Wale waliolia kwa ajili ya mlango mwezi Septemba, kufika Januari walikuwa wanaguna.

"Mama Assia, tumechoka kutazama mashuka," Aloys alimwambia, si kwa ubaya. "Mutu anasema niko muzima, lakini tunaona shuka tu. Atakuwa muzima wapi? Tunataka kuona anaishi namna gani."

Wengine wakaitikia. Jumamosi moja kulikuwa na mabenchi mawili matupu. Mawili tu, lakini Khadidja aliyatazama mabenchi yale zaidi ya alivyoitazama televisheni.

Ndipo alipokuja Prudence.

Prudence alikuwa mshonaji wa Nyakabiga, Mtutsi, mwenye binti mmoja wa miaka kumi na miwili aitwaye Joëlla. Mumewe, Gaspard, alikuwa seremala, naye ni Mhutu. Siku vijana walipoingia barabara yao na orodha, Gaspard aliruka ukuta wa nyuma na hakuonekana tena. Majirani walisema amekufa. Wengine, na hao walimwumiza zaidi, walisema amepata mke wa Kihutu huko Kinama, anakula na kulala vizuri.

"Mi siombi arudi," Prudence alisema, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliye ofisini. "Najua hawezi kurudi. Nataka nijue tu. Kama amekufa, nijue nilie. Kama ana mwanamuke, nijue nisilie."

Ilimchukua Khadidja wiki tano. Aliacha neno Kinama, akaliacha kwa wauza mbao, akaliacha kwa mafundi, na mwisho mama mmoja muuza dagaa alimwambia apande Gihosha, aulize nyumba ya muuguzi mstaafu aitwaye Herménégilde. Nyumba ilikuwa mlimani, na ua wake wa mianzi mrefu kuliko mtu. Herménégilde, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, alimkagua muda mrefu mlangoni, kisha akamwingiza. Gaspard alikuwa uani. Kwa miezi kumi na moja hakuwa amevuka ua ule. Alimtengenezea mzee vitanda, meza, milango ya kabati, hadi mbao zikaisha, akaanza kubomoa alivyovitengeneza mwanzo na kuvitengeneza upya.

Khadidja alitundika shuka. Gaspard alikaa mbele yake, akaweka mikono magotini.

"Mimi ni Gaspard," akasema. "Namusalimia mama Joëlla. Mama Joëlla, mi niko muzima. Sina mutu mwingine. Mutoto asome. Usiuze randa yangu kubwa, hata kama njaa inakamata sana, uza kitanda." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyesahau namna yake. "Ni hayo tu. Nilikuwa na mengi, yamekimbia."

Aliinuka, akarudi kwenye ubao wake kana kwamba ameona aibu, akashika randa ndogo. Kazi ilikuwa imekwisha. Khadidja angeweza kubonyeza na kuzima. Badala yake aliigeuza kamera ikamfuata. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa upande, vipande vya mbao vinajikunja na kuanguka kama maganda ya chungwa, na mikono ile inakwenda na kurudi. Gaspard akainua uso. Nyuma yake, juu ya ua, kulionekana mteremko wote wa Gihosha, mapaa, na tangi la maji lenye miguu iliyopakwa rangi nyekundu.

Alijua. Miaka yote iliyofuata Khadidja hakuwahi kujidanganya kwamba hakujua. Alikuwa na jicho kwenye kamera, akaliona tangi, akafikiri: hii ndiyo picha wanayoitaka. Akahesabu hadi thelathini ndipo akazima.

Alimwita Prudence peke yake, Jumamosi asubuhi, kabla ya watu. Prudence alitazama akiwa amesimama. Gaspard aliposema sina mutu mwingine, Prudence akakaa chini kwenye saruji. Aliomba irudiwe mara nne. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, na alipoinuka alikuwa mtu mwingine, mrefu zaidi.

"Leo watu wa Nyakabiga watakuja?"

"Watakuja. Lakini hii ni yako, mama Joëlla. Nitakupa."

"Apana. Waonyeshe." Macho yake yaliwaka. "Wale waliosema ana mwanamuke, watakaa hapa. Waone. Wasikie kwa kinywa chake."

"Uko na hakika?"

"Waone kama ni muzima."

Saa tisa banda lilijaa hadi uani. Prudence alikaa benchi la mbele na Joëlla pajani, ingawa mtoto alikuwa mkubwa mno kupakatwa. Khadidja alikusudia, kweli alikusudia, kuonyesha shuka tu na kuzima pale Gaspard anapoinuka. Alisimama kando ya deki na kidole tayari. Gaspard alisema maneno yake. Watu waliangua kicheko cha furaha aliposema habari ya randa, wanaume wawili wakapiga makofi, na Prudence akageuka nyuma kuwatazama majirani zake mmoja mmoja usoni. Gaspard akainuka. Banda lilikuwa kimya, kimya ambacho Khadidja hakuwahi kukipata toka aanze kazi hii, watu mia moja na hata kikohozi hakuna. Kidole chake hakikushuka.

Ubao. Randa. Maganda ya mbao. Uso ukiinuka, na mlima nyuma.

"Ahaa," mtu mmoja akasema taratibu kutoka nyuma. "Sasa hiyo ni video."

Aliisikia sauti hiyo kama sifa. Siku tatu aliibeba kifuani kama sifa.

Jumanne ilikuwa siku ya watu wa upande wa pili, lakini aliyekuja asubuhi alikuwa Aloys, amevaa shati la kazini lisilofungwa vifungo sawasawa. Hakukaa.

"Wamepanda Gihosha alfajiri," akasema. "Nyumba ya muuguzi imechomwa. Yeye na yule seremala wote wawili."

Khadidja alishika ukingo wa meza. "Nani?"

"Vijana. Ni nani anajua vijana gani? Barabarani wanasema waliulizia tangi lenye miguu myekundu." Alimtazama, kisha akatazama chini. "Ni mi nilikwambia tumechoka na mashuka."

"Wewe ulisema," Khadidja akajibu. "Kamera niliishika mimi."

Siku ile hakufungua. Wala kesho yake. Watu walipiga bati la mlango kwa viganja, wakamwita, wakaweka barua na majina chini ya mlango. Alizikusanya, akaziweka kwenye sanduku bila kuzisoma. Mzee mmoja wa Kinama alikuja mara saba, akapiga magoti barabarani, akasema anataka kumwona tu mjukuu wake aliyebaki Nyakabiga. Khadidja alimwambia hapana kupitia ufa wa mlango, akamsikia akiondoka. Baadhi ya watu walimwita mchoyo. Walisema amepata alichotaka. Machi ile risasi zilifika Buyenzi pia, majirani zake wengi wakafukuzwa, wengine wakauawa, na hakuna aliyekuwa na nafasi tena ya kuulizia kaseti.

Prudence alikuja siku ya tano baada ya mauaji ya Gihosha. Khadidja alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Alimpa kiti, Prudence akakikataa.

"Ulionyesha tangi," akasema.

"Nilionyesha."

"Mi ndiye nilisema waone."

"Ulisema wamwone yeye, mama Joëlla. Habari ya tangi haikuwa yako. Ni yangu."

Prudence alifikiri juu ya hilo kama mtu anayepima kitambaa. "Mi nilitaka kuwashinda wale wanawake wa barabara yetu," akasema mwishowe. "Kwa ajili ya maneno ya wanawake." Akanyoosha mkono. "Nipe kaseti. Sina picha yake nyingine. Zetu zote walizichoma siku ile."

Khadidja alimpa. Prudence akaishika, akaigeuza, akakumbuka kwamba hana televisheni wala deki.

Ikawa hivi basi: kila Jumapili baada ya misa, Prudence na Joëlla walitembea kutoka Nyakabiga hadi Buyenzi, siku ambazo njia ilipitika, wakakaa kwenye benchi la mbele la banda lililofungwa, na Khadidja akawawekea. Hakuombwa kubaki, lakini alibaki. Alijiambia kwamba hilo angalau anadaiwa. Mwaka wa kwanza Prudence alilia. Mwaka wa pili alikuja na cherehani ya mkono, akapinda nguo za watu huku akisikiliza sauti tu, bila kuinua macho. Kanda ilianza kuchakaa. Mistari myeupe ilipita juu ya uso wa Gaspard, na aliposema "mutoto asome" sauti yake ilizama kidogo kama mtu aliyetia kichwa majini. Khadidja alimpikia Prudence chai, wakaongea habari ya bei ya mchele, ya vikwazo vya nchi jirani, ya Assia aliyeolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Hawakuwa marafiki. Hakuna neno linalofaa kwa walivyokuwa.

Joëlla alikua mbele ya macho ya Khadidja, Jumapili baada ya Jumapili. Alikuwa msichana mkimya, mwenye nyusi nzito za baba yake. Alipofika miaka kumi na sita, mwaka wa tisini na tisa, aliacha kuitazama televisheni. Alikaa akiwa ameipa mgongo, akiyatazama mabenchi matupu.

"Shangazi," akamwuliza Khadidja siku moja, "siku ile hapa alikaa nani?"

"Siku gani, mwanangu?"

"Unaijua. Mi nilikuwa mbele, sikuona nyuma. Hapa kwenye nguzo alikaa nani?"

Khadidja alisema hakumbuki. Joëlla akaitika kwa adabu, akaendelea kutazama.

Jumapili mbili baadaye Prudence alikuja peke yake, amechoka, kaseti imefungwa ndani ya leso.

"Joëlla ana orodha," akasema hata kabla ya salamu. "Nimeiona ndani ya daftari la hesabu. Majina kumi na sita. Wa kwanza ni Aloys."

"Aloys hakufanya kitu."

"Najua. Mutoto hajui. Kila akitoka hapa anatoka na jina jipya. Ameanza kutembea na vijana fulani, wana kitu ndani ya mufuko, sitaki kujua ni nini." Aliiweka kaseti mezani. "Ifute."

"Mama Joëlla. Ni picha yako ya pekee."

"Nimeitazama miaka mine. Ninayo hapa." Aligusa paji la uso. "Mutoto sina mwingine. Nikiificha ataitafuta. Nikiivunja ataona nina hasira kama yake. Ifute, nimwambie imeisha yenyewe, kaseti zinaisha."

Khadidja aliitoa kamera chini ya kitanda, alikoiweka toka siku ile ya Gihosha. Betri ilikuwa imekufa, akaichomeka ukutani. Akaingiza kaseti, akafunika lenzi kwa kifuniko chake, akazima maikrofoni, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Kamera ikaanza kuandika giza juu ya Gaspard.

Picha yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na moja. Zilipotimia, Khadidja alinyoosha mkono azime, Prudence akamshika.

"Hadi mwisho," akasema. "Isibaki hata nafasi."

Wakakaa saa mbili. Nje watu walipita, muuza mkaa alinadi, adhana ya alasiri ikatoka msikitini na Khadidja hakuinuka. Kamera ilinguruma kidogo, kama mtu anayepumua kwa pua. Hatimaye kaseti ilifika mwisho, kamera ikajizima yenyewe.

Prudence alimpeleka Joëlla mji wa Ngozi, kaskazini, kwa ndugu zake mwezi huohuo, mbali na wale vijana. Aloys aliendelea kuwa karani, hakuwahi kujua kwamba jina lake liliandikwa mahali. Watu wengine kumi na watano nao hawakujua.

Joëlla alirudi mara moja, vita vikiwa vinaelekea mwisho, mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Alimkuta Khadidja akipepeta mchele mlangoni. Alimsalimia vizuri, akaulizia afya yake, akamwulizia Assia. Kisha akasema:

"Mama aliniambia kaseti iliisha yenyewe. Nilikwenda nayo Ngozi, nikaiweka kwenye deki ya jirani. Kaseti iliyochakaa inaonyesha chenga, shangazi. Hii ni nyeusi, imenyooka, toka mwanzo hadi mwisho. Mutu aliifuta."

Khadidja aliweka ungo chini.

"Mulimwonyesha baba yangu kwa kila mutu," Joëlla akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wale waliomuua walimwona. Kisha mukamuficha kwangu. Mi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimesahau alikuwa anaongea namna gani."

Khadidja angeweza kumwambia habari ya orodha, habari ya daftari la hesabu na vijana wenye kitu mfukoni. Lakini Prudence hakumpa ruhusa hiyo, na safari hii hakutaka kuamua peke yake kitu gani cha mwingine kionekane.

"Alisema usome," akamwambia.

"Hilo nalikumbuka. Nauliza sauti."

Khadidja alijaribu. Alikaa pale mlangoni, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, akajaribu kuyasema maneno ya Gaspard kama Gaspard alivyoyasema, randa, kitanda, mutoto asome, na kile kicheko kifupi. Joëlla alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, mkoba begani.

"Apana," akasema. "Haikuwa hivyo."

Akamshika mkono wa kuaga, kwa adabu, akashuka na barabara ya soko.